Sufuria na leso zatosha kumfunza mwanao

JE, mama, ni lini mara ya mwisho uliketi chini mkekani na mwanao mchanga mkacheza tu, bila ya wewe kumlisha, kumwosha wala kumbadilisha nepi? Usikimbilie kujibu. Mimi niliulizwa swali kama hilo na muuguzi wa kliniki wakati kifungua mimba wangu alipokuwa na umri wa miezi tisa, na nikakosa la kusema.

Nilikuwa nimempeleka kudungwa sindano ya surua. Watoto wengine walikuwa wakilia, wengine wakirarua vijitabu vya kliniki na kupigapiga benchi. Wangu alikuwa ametulia tuli mapajani mwangu kama mzee wa kanisa. "Una bahati, mtoto wako ni mpole," mama mmoja aliyeketi kando yangu aliniambia, nami nikavimba kichwa.

Muuguzi hakusifu. Alitikisa funguo zake nyuma ya sikio la mtoto, mtoto akageuka. Alimwita jina lake, akageuka tena. Kisha alimsogezea uso na kumwambia, "Ba-ba-ba!" Mtoto akamkodolea macho tu. Akajaribu tena na tena, wapi!

"Masikio yake ni mazima," sista akasema. "Lakini mbona hatoi sauti? Huwa mnacheza michezo gani nyumbani, mama?"

Hebu nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa kwetu, kwani huenda hata kwako ni vivyo hivyo. Nilirudi kazini mara tu likizo yangu ya uzazi ya miezi mitatu ilipokwisha. Nilikuwa nikitoka nyumbani alfajiri na kurejea giza likiwa limeingia. Yaya nilimwachia amri tatu: mtoto asilie, mtoto asichafuke, na mtoto asizungumziwe kwa lugha ya mama. Nilitaka aanze na Kiingereza, ili akifika shule ya chekechea asichekwe.

Sasa msichana yule Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Kwa kuwa alikuwa mtiifu, alinyamaza. Kutwa nzima alifua, akapika na kupiga deki kimya kimya, naye mtoto akawekwa kwenye kiti chake mbele ya runinga, akitazama vibonzo vikikimbizana. Mdomo wa pekee uliokuwa karibu naye mchana kutwa, mimi mwenyewe ndiye niliyeufunga.

Labda unajiuliza, kwani runinga haizungumzi? Inazungumza, tena kupita kiasi. Lakini haimjibu mtoto. Mwaka wa 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle huko Marekani, walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa miezi tisa waliotoka nyumba zisizozungumzwa lugha nyingine ila Kiingereza. Baadhi yao walichezewa na kusomewa vitabu kwa Kichina na watu walioketi nao sakafuni, mara 12 hivi. Wengine walionyeshwa watu wale wale, wakisema maneno yale yale, lakini kwenye runinga. Wale waliocheza na watu walijua kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa runinga hawakuonyesha kwamba wamejifunza chochote.

Kwa hivyo, si ajabu kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, lilisema mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asitazamishwe runinga wala simu kabisa. Mwongozo huo huo unasema asifungwe kwenye kiti au kigari kwa zaidi ya saa moja kwa mfululizo. Mimi wangu alikuwa akikaa humo hadi mapaja yakaingia alama.

Basi michezo ni ipi? Usiende dukani. Vitu vya plastiki vinavyomulika na kulia vikibonyezwa ni ghali, na mara nyingi ndivyo vinavyocheza huku mtoto akitazama. Anachotaka mtoto ni uso wako, sauti yako na vyombo vyako vya jikoni.

Uso wako

Mtoto aliyezaliwa juzi haoni mbali. Huona vyema kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka titi la mama hadi usoni pake. Mungu alipima! Kwa hivyo mchezo wa kwanza ni wewe. Msogelee hadi akuone, umwambie jambo, lolote lile, kisha unyamaze na kungoja. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wanasema mfululizo kama watangazaji wa mpira. Mtoto huhitaji muda. Atapiga teke, atapanua macho, atatoa sauti ndogo kama ya njiwa. Hilo ndilo jibu lake. Nawe umjibu kwa sauti ile ile aliyoitoa, umwachie tena zamu yake. Hayo ni mazungumzo kamili ingawa hayana neno hata moja.

Usidhani mtoto huyo hajali ukimjibu au usipomjibu. Mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani alianza katika miaka ya 1970 kuwaomba akina mama wacheze na watoto wao kama kawaida, kisha wakaushe nyuso kwa dakika chache tu, wakimtazama mtoto bila kutabasamu wala kusema. Watoto wa miezi michache walijaribu kila mbinu. Walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakaguna. Walipoona mama habadiliki, waligeuza nyuso zao kando wakakata tamaa. Mimi kila nikisoma habari hiyo huikumbuka simu yangu, na jinsi uso wangu unavyokuwa ninapoitazama huku nikinyonyesha.

Leso nayo ina kazi nyingi kuliko kubebea. Macho ya mtoto mchanga huvutwa na rangi zinazopambana, nyeusi kwa nyeupe, nyekundu kwa nyeupe, na hakuna kitu nyumbani chenye michoro kama hiyo kuliko pindo la leso. Mlaze chali, uipitishe leso polepole juu yake kutoka kulia hadi kushoto, utazame macho yake yakiifuata. Baadaye iteremshe imguse tumboni na uinue tena. Akifika miezi mitatu hivi ataanza kuirushia mikono kabla haijamfikia.

Kila siku akiwa macho, mlaze pia kifudifudi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau nusu saa kwa siku kwa mtoto asiyeweza kutambaa, na si lazima iwe kwa mkupuo mmoja. Dakika tatu hapa, tano pale. Wengi hulia wakilazwa hivyo kwa sababu shingo bado ni dhaifu. Akilia, lala chali wewe mwenyewe umweke juu ya kifua chako, atainua kichwa akutafute. Lakini usingizini alazwe chali.

Jikoni

Akianza kushika vitu, mlete karibu na jikoni, mbali na jiko lenyewe. Mpe mwiko mdogo ulioshwa vizuri. Atautia mdomoni, usimpokonye. Katika umri huu ulimi na midomo humweleza mengi kuliko vidole: huu ni mgumu, hiki ni baridi, kile ni laini. Mpe kijiko cha chuma baada ya mwiko uone atakavyoshtuka kwa ubaridi wake.

Tengeneza kayamba. Chukua chupa ndogo ya plastiki iliyokauka ndani, tia mchele kidogo, funga kifuniko kwa gundi kali na uzungushie utepe. Nyingine itie maharagwe, sauti iwe nzito. Tikisa moja upande wa kulia bila yeye kuiona, ungoje ageuke, kisha nyingine upande wa kushoto. Anacheza, nawe unampima masikio. Mtoto wa miezi sita asiyegeukia sauti kamwe anafaa kupelekwa hospitalini mara moja, kwani uziwi ukigunduliwa mapema husaidika zaidi. Kayamba hizo achezee ukiwepo tu, na kila siku kagua kifuniko.

Kuhusu kuketi, nyanya zetu walijua mambo. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Charles Super, aliishi miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet, magharibi mwa Kenya. Aliona kwamba akina mama huko waliwafundisha watoto kuketi na kutembea kwa makusudi. Walichimba shimo dogo ardhini, wakalizungushia blanketi na kumketisha mtoto humo, mgongo ukiegemezwa. Watoto wa Kokwet waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Kutambaa je? Hapo hawakuwatangulia, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kutambaa. Yaani mtoto huenda kule anakoelekezwa. Ukiishi ghorofani huwezi kuchimba shimo, lakini karai pana lisilo na maji, lililojazwa mito na blanketi kuukuu, lafanya kazi hiyo hiyo, mradi usiondoke.

Akishaketi, jaza kiondo. Tia sufuria ndogo, kifuniko chake, kikombe cha plastiki, kipande cha leso, brashi safi isiyotoa nywele, limau zima. Mwekee mbele yake na unyamaze. Usimwonyeshe namna ya kutumia. Atatoa kimoja kimoja, akichunguze kama fundi wa saa. Utakapoona amechoka, badilisha vitu viwili vitatu, kiondo kitakuwa kipya tena.

Sufuria itapigwa, hilo lijulikane mapema. Majirani watavumilia. Mara atakapogundua kwamba ni yeye anayeleta kelele, atatazama mkono wake, atazame sufuria, kisha akutazame wewe. Nawe ipige mara mbili, umngoje. Akipiga, piga tena. Ni mazungumzo yale yale ya mwanzo, ila sasa yana ngoma.

Karibu na miezi minane jaribu kujificha. Jifunike leso kichwani, uliza "Mama yuko wapi?", kisha ifunue ghafla. Mtoto atacheka hadi akohoe. Msomi Jean Piaget wa Uswisi aliwachunguza watoto wake mwenyewe akaeleza kwamba mtoto mdogo kwanza huona kitu kilichofichwa kama kitu kisichokuwepo tena. Ni kidogo kidogo tu anapoanza kujua kwamba kilichojificha bado kipo. Ndiyo maana wakati huo huo mtoto aliyekuwa akikuaga bila shida huanza kukulilia mlangoni. Sasa anajua upo mahali fulani, na hupo naye. Mchezo wa leso ni mazoezi yake ya kungoja urudi. Ficha pia kijiko chini ya kikombe huku akiona, na umwache akitafute.

Vilevile usimpige wala kumkemea anapoangusha kijiko sakafuni mara kumi. Huo si ukorofi. Anachunguza kama kitaanguka tena, kama kitalia tena, na kama utaokota tena. Mgongo utauma, najua. Kifunge kwa uzi mfupi kitini ukiwa karibu, na umfundishe kukivuta.

Akina mama waniulizao watapata wapi wakati, huwajibu kwamba wakati huo tayari wanautumia. Unapomwosha, taja: mkono, mguu, sikio, na ungoje ainue mguu ukiutaja. Unapokata sukuma wiki, mpe jani moja akiwa mgongoni, alikunje na kulichana. Unapokunja nguo, mfunike kwa shati la baba yake na umfunue. Unapopanda ngazi hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Hajui hesabu, lakini baada ya wiki chache utaona anangojea ile ya mwisho kwa sababu hapo ndipo unapombusu.

Na akina baba? Wengi husubiri mtoto ajue kupiga mpira ndipo wamtambue. Kidevu chenye ndevu ni somo tosha kwa kiganja cha mtoto wa miezi minne. Lakini wasimrushe hewani wala kumtikisa, hata kwa mzaha. Shingo yake haijakomaa, na mtikiso waweza kuumiza ubongo.

Lugha ipi?

Hapa narudi kwa kosa langu. Mwaka wa 1984, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane waliolelewa kwa Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa huko hawazisikii. Kufikia umri wa mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa karibu umetoweka, kwani hakuna aliyewazungumzia kwa sauti hizo. Mtoto huzaliwa na milango mingi, ile isiyotumiwa hujifunga. Umewahi kumsikia mgeni wa makamo akijaribu kusema "ng'ombe"? Mwanao atalisema kabla hajaota magego, akilisikia.

Kwa hivyo, yaya azungumze kwa lugha anayoijua hadi mizaha yake. Nyanya akija na lugha yake, aachwe. Wewe tumia ile inayokutoka ukiwa na furaha au ukiwa na hasira. Kiingereza kitakuja, tena kwa fujo, hakuna shule itakayokisahau.

Lingine ni kuonyesha. Akikaribia mwaka, mtoto huanza kunyoosha kidole. Akikuonyesha paka, usiseme "ehe" na kuendelea na yako. Mwambie, "Ndiyo, ni paka. Paka anakunywa maziwa." Picha za kalenda ya zamani, pakiti ya unga yenye picha, hata gazeti hili unalosoma, vyote ni vitabu vyake. Ila ukimpa gazeti kaa naye, maana atalila kabla hujageuka.

Mtoto wa umri huo pia hushika kwa ncha za kidole gumba na cha shahada. Mpe vipande laini vya ndizi iliyoiva, parachichi au kiazi kilichochemshwa ajiokotee mwenyewe, akiwa ameketi wima nawe umemkodolea macho. Atapaka nywele. Mpe pia bakuli mbili na vifuniko vikubwa vya mitungi, atie na kutoa, atie na kutoa. Hachoki.

Lakini vidole hivyo ndivyo viokotavyo hatari. Chochote kinachopita ndani ya kile kigunguti cha katikati cha karatasi ya chooni chaweza kumkaba: njugu, sarafu, kifungo, maharagwe yaliyodondoka ukichagua. Hatari kuu ni zile betri bapa ndogo za saa na rimoti. Ikimezwa huunguza koo kwa saa chache tu, kimbilia hospitalini hata kama mtoto haonekani mgonjwa. Maji ya karai, hata ya kina cha vidole vichache, yaweza kumzamisha, kwa hivyo mchezo wa maji ukiisha yamwage. Na vile vigari vya magurudumu vya kumfanyia mtoto mazoezi ya kutembea, Kanada ilivipiga marufuku mwaka wa 2004 kwa sababu ya ajali. Sioni kwa nini tuvinunue sisi wenye ngazi na majiko ya makaa.

Watoto hawakui kwa mpigo mmoja, na jirani yako asikutishe kwamba wake alitembea kwa miezi tisa. Hata hivyo, zungumza na muuguzi ikiwa miezi mitatu imepita na mtoto hatabasamu kwa mtu, ikiwa miezi tisa imepita na haketi bila kushikwa au hatoi sauti kama ba-ba na ma-ma, au ikiwa ameacha jambo alilokuwa akilifanya. Usingoje kwa kuwa ni mpole.

Jioni ile ya kliniki nilimwambia yaya amri yangu ya tatu imefutwa. Hakuniamini. Wiki nzima aliendelea kunong'ona nikiwa nyumbani. Kisha jioni moja, nikipanda ngazi, nilisikia sufuria ikipigwa kwetu, na yaya akiimba kwa lugha ya kwao sauti ambayo sikujua anayo. Alikuwa amelea ndugu zake watano kabla hajaja kwangu, na michezo aliyoijua kwa vidole na magoti ilikuwa mingi kuliko niliyokuandikia hapa. Runinga ilikuwa imefunikwa kitambaa. Mtoto hata hakuniona nikiingia.

Alianza ba-ba wiki kadhaa baadaye. Neno lake la kwanza lilikuja baada ya kutimiza mwaka. Alilisema akinyoosha kidole kwenye meza, akalirudia kwa ukali nisipofanya lolote. Halikuwa la Kiingereza, wala la Kiswahili, wala la kwetu. Nililazimika kumwita yaya kutoka jikoni aniambie maana yake.

"Anataka maji, mama," akasema, akamchotea.